Vizazi kumi kwa kosa la nani?



Katika jumuiya yetu tunasoma Kumbukumbu la Torati, sura moja kila Jumatano, bila kuruka. Mwenyekiti wetu hapendi Wakristo wanaochota mistari mitamu na kuiacha ile migumu ikae peke yake. Jumatano iliyopita tukafika sura ya 23, na zamu ya kusoma ilikuwa ya kijana mmoja wa miaka 22, fundi simu, mpole, anayeimba besi katika kwaya ya vijana. Akasoma mstari wa kwanza, ule unaohusu wanaume waliohasiwa, watu wakatazama miguu yao. Akasoma wa pili, akanyamaza.

Mstari ule unamfungia mwana wa haramu mlango wa mkutano wa Mungu, yeye na uzao wake, vizazi kumi.

Sote mle sebuleni tunajua habari za kijana huyu. Kalelewa na bibi yake. Mama yake alimzaa akiwa bado mwanafunzi, na mwanamume aliyempa mimba hakuwahi kujitokeza. Mwenyekiti akasema, "Endelea, mwanangu." Kijana hakuendelea. Akanigeukia mimi, kwa kuwa ni mzee wa kanisa wa mtaa ule, akauliza bila hasira yoyote, "Mzee, huyu hapa ni mimi?"

Nikamjibu kwamba hilo ni Agano la Kale, na sisi tuko chini ya neema. Akina mama wakaitikia "Amina" haraka haraka, mtu mwingine akapokea Biblia, tukasonga mbele mpaka kwa Wamoabi. Tukafunga kwa sala na chai ya tangawizi. Lakini jibu langu lilikuwa la kukimbia, na kijana alilijua hilo. Leo nataka kulirudia swali lake.

Nianze na neno lenyewe. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "mwana wa haramu", na kwa masikio yetu huyo ni mtoto yeyote aliyezaliwa nje ya ndoa. Mtaani neno limekwenda mbali zaidi: mwanaharamu ni tapeli, ni mkorofi, ni mtu yeyote aliyekuudhi kwenye daladala. Neno la Kiebrania ni mamzeri, na katika Agano la Kale zima linatokea mara mbili tu, hapa na katika Zekaria 9:6. Hakuna mahali linapofafanuliwa. Walimu wa Kiyahudi walibishana sana juu ya mipaka yake, na mabishano yao yamo katika Mishna, mkusanyiko wa sheria zao uliokamilika karibu na mwaka 200 baada ya Kristo. Rabi Akiva alitaka wigo mpana, wenzake wakataka mwembamba. Msimamo ulioshika ni huu: mamzeri ni mtoto ambaye mke wa mtu amezaa na mwanamume mwingine, au mtoto wa ndugu waliokatazwa kukaribiana katika Walawi 18. Mtoto wa binti asiyeolewa hayumo.

Nilipolithibitisha hilo Alhamisi asubuhi nilifurahi kama mtu aliyeokota risiti aliyodhani imepotea. Nikampigia kijana simu. Nikamweleza yote, Mishna na Akiva na Walawi 18, kwamba kwa sheria yenyewe ya Musa, kama Wayahudi wanavyoielewa, yeye hahusiki kabisa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante, mzee. Kwa hiyo kuna mtoto mwingine ndiye aliyeandikwa pale?"

Mpendwa msomaji, nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi na nimejibu maswali mengi. Hili sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimemtoa kijana wangu nje ya mstari na kumwacha mtoto mwingine ndani, nikaona kazi imekwisha. Mtoto aliyezaliwa na mke wa mtu, au na baba na binti yake mwenyewe, hakuomba kuzaliwa zaidi ya huyu fundi simu. Hata huyo wa pili, ambaye mara nyingi ametokana na ukatili aliofanyiwa mama yake akiwa binti mdogo ndani ya nyumba yake, ndiye anayestahili kubeba mzigo vizazi kumi?

Wapo watakaosema, na mimi nimeyasema haya mimbarani, kwamba sheria ile ilikuwa ukuta wa kulinda ndoa. Taifa lililotoka utumwani lilikuwa linajifunza kuishi kama familia ya Mungu, na mataifa jirani yalikuwa na mambo yao. Watu wakijua kwamba dhambi ya usiku mmoja itaonekana kwa mjukuu na kitukuu, wataogopa. Hoja hii ina uzito wake. Uzinzi si mchezo, na mtu yeyote aliyekaa kikao cha usuluhishi wa ndoa anajua jinsi unavyopasua nyumba. Lakini niambie ukweli: mwanamume anayenyemelea mlango wa jirani yake saa tano usiku anahesabu vizazi? Anafikiria kizazi kimoja tu, tena ni chake mwenyewe. Adhabu inayomwangukia mtu ambaye hakuwepo haimtishi yule aliyekuwepo.

Na kitabu chenyewe kinajua. Geuza ukurasa mmoja, nenda Kumbukumbu 24:16. Pale Musa anakataza mahakama isimwue mtoto kwa kosa la baba yake, wala baba kwa kosa la mtoto. Kila mtu na lake. Utasema sura ya 24 inahusu hukumu ya kifo, na sura ya 23 haimwui mtu. Ni kweli. Lakini kanuni ni ileile, na Ezekieli aliichukua akaipanua akaijaza sura nzima ya 18, akaikataa ile mithali ya baba kula zabibu chungu na meno ya watoto kutiwa ganzi. Kwa hiyo tunapouliza kama sheria ya mstari wa pili ilikuwa ya haki kwa mtoto, hatuipimi kwa vipimo vya watu wa siku hizi. Tunaipima kwa Ezekieli.

Kuna jambo lililonishangaza katika kusoma kwangu, na naona ni vema Wakristo walisikie. Tumezoea kuwasema Mafarisayo na marabi kwamba walikuwa watu wa sheria kavu, wasio na moyo. Katika Midrashi ya kitabu cha Walawi, maandiko ya marabi yaliyokusanywa yapata miaka 1500 iliyopita, anatajwa mtu anayeitwa Danieli fundi cherehani. Si rabi mkubwa, ni mshonaji. Danieli huyu anaufafanua Mhubiri 4:1, mstari ule wa machozi ya walioonewa wasio na mfariji. Ni nani hao wanaolia? Danieli anasema ni hawa watoto, mamzeri. Baba zao ndio waliokosa, wao wamekosa nini? Na ni nani hao wanaowaonea, wenye nguvu mkononi? Hapa ndipo nilipoiweka kalamu chini. Danieli anasema ni Baraza Kuu la Israeli, wanaowajia watoto hao na nguvu ya Torati yenyewe na kuwatenga kwa mstari wa Kumbukumbu. Basi kwa kuwa hakuna wa kuwafariji, Mungu anasema kazi ya kuwafariji ni yake.

Mtu aliyeiamini Torati kwa moyo wote alidiriki kusema kwamba mahakama inayoitekeleza Torati ndiyo mwonevu. Hakuufuta mstari. Aliona machozi, akayaita kwa jina lake. Mimi sebuleni sikuthubutu hata hilo.

Marabi wengine, ambao hawakuweza kuufuta mstari, walitafuta namna ya kuuzuia usimpate mtu. Wahenga wetu wa pwani wanasema kitanda hakizai haramu, maana yake mtoto akizaliwa na mke wa mtu ndani ya ndoa, huyo ni wa mwenye ndoa, maneno ya majirani yaishie barazani. Marabi walikuwa na kanuni hiyohiyo: hata mke akisemwa vibaya mji mzima, watoto wake ni wa mumewe. Talmudi inasimulia kesi ya mwanamume aliyesafiri ng'ambo, mkewe akajifungua miezi kumi na miwili baadaye, na rabi mmoja akamkubali mtoto kuwa halali, kana kwamba alikawia tumboni. Unaweza kucheka. Mimi sicheki. Rabi yule alijua kuhesabu miezi kama wewe na mimi, alichagua kutohesabu. Na palipokuwa na ukoo ambao doa lake lilikwisha kuchanganyika na watu na kusahaulika, walifundisha kwamba uachwe hivyohivyo, asitokee mtu wa kuchimbua. Sisi tungesema funika kombe mwanaharamu apite, na hii ndiyo mara ya kwanza nimeona methali hiyo ikimtendea wema huyo aliyetajwa ndani yake.

Waliongeza kwamba mamzeri anamrithi baba yake kama mtoto mwingine yeyote. Sheria ya Kiingereza, iliyotufikia na wakoloni, kwa karne nyingi ilimwona mtoto wa nje ya ndoa kama mtoto asiye wa mtu yeyote, asiye na urithi wa baba. Na Mishna inatamka wazi kwamba mamzeri aliyesoma anatangulizwa kabla ya kuhani mkuu asiyejua kitu. Fikiria hilo likitamkwa katika mkutano mkuu wa dayosisi.

Sitaki kupaka rangi. Pamoja na huruma yote hiyo, mlango wa ndoa ulibaki umefungwa. Mamzeri hakuruhusiwa kuoa Mwisraeli wa kawaida, na dawa iliyopendekezwa na Rabi Tarfoni ilikuwa chungu ajabu: aoe mtumwa wa kike, ili watoto wake wazaliwe watumwa, kisha waachwe huru na doa liishe. Mpaka leo nchini Israeli, ambako ndoa za Wayahudi ziko chini ya mahakama za marabi, wako watu sheria hii inawagusa. Mwaka 1972 Rabi Mkuu Shlomo Goren alitoa hukumu ya kuwafungulia kaka na dada waliokuwa wamezuiwa kuoa, na alishambuliwa vikali na wenzake kwa hilo. Mwaka 2000 marabi wa tawi la Kihafidhina la Marekani waliamua kutopokea tena ushahidi wowote wa umamzeri. Mstari umo bado katika Torati yao. Wameamua tu kutomsikiliza shahidi yeyote anayekuja kumnyooshea mtoto kidole.

Sasa tuje nyumbani kwetu, maana najua wapo wanaosema moyoni, "Asante Yesu, sisi hatuna mambo hayo."

Mwaka 1078 mtaguso wa Poitiers, Ufaransa, uliamua kwamba watoto wa mapadre na wengine waliozaliwa kwa uasherati wasipewe daraja takatifu, isipokuwa wakiingia utawa. Kanuni ya namna hiyo iliendelea katika Kanisa la Magharibi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 bado ilikuwa nayo: aliyezaliwa nje ya ndoa alihitaji kibali maalumu kuwa padre, na uaskofu haukuwa wake. Ilipotolewa sheria mpya mwaka 1983, kizuizi hicho hakikuwemo tena. Ni zaidi ya miaka 900. Ni vijana wangapi waliosikia wito wakaambiwa waende kwanza wakathibitishe kitanda walichozaliwa? Na hatukuwa na mamzeri katika sheria zetu. Tulimchukua, tukampanua, tukamwingiza hata mtoto wa binti asiyeolewa, ambaye marabi walikuwa wamemwachia huru. Mstari uliokuwa mwembamba kwao ulinenepa kwetu.

Hata hivyo si Poitiers inayoninyima usingizi.

Miaka 22 iliyopita nilikuwa mzee wa kanisa kijana, mwaka wa pili tu. Mama mmoja mzee akaja ofisini akiwa na mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, baba," kisha akasema anataka mjukuu abatizwe Jumapili ya watoto kama wengine. Baraza la wazee likaketi. Hoja zikatolewa: tukiwabatiza hawa pamoja na watoto wa ndoa, mabinti watajifunza nini? Ikapendekezwa mtoto abatizwe siku ya kazi, bila kwaya, bila tangazo, bibi amlete mwenyewe. Mama wa mtoto asije mpaka atakapotubu hadharani na kurudi kundini. Tukapiga kura ya kunyoosha mikono. Wangu uliinuka. Hakuna aliyenisukuma.

Mtoto akabatizwa Alhamisi. Walikuwepo mchungaji, bibi, mzee wa zamu, na fundi aliyekuwa anapaka rangi madirisha. Mtoto huyo ndiye aliyesoma Kumbukumbu 23 Jumatano iliyopita.

Juzi kwenye simu, baada ya swali lake lile, aliniambia jambo jingine. Alipokuwa anatafuta cheti cha ubatizo kwa ajili ya kipaimara, akiwa na miaka kumi na mitano, aliona tarehe yake haifanani na za wenzake. Wenzake wote walibatizwa Jumapili. Akaangalia kalenda kwenye simu, akaona Alhamisi. Akamwuliza bibi yake. Bibi akamwambia siku ile mchungaji alikuwa na safari. Bibi yule, ambaye sisi tulimwona hana uchungu na maadili, alikuwa amefanya kile walichofanya marabi. Alifunika kombe.

Nikiulizwa leo kama sheria ile ilikuwa ya haki kwa mtoto, nasema hapana, haikuwa. Nalisema kama mtu anayeipenda Biblia, na ninaamini Biblia yenyewe imeniruhusu. Soma tena Kumbukumbu 23 uone wanaozuiwa mlangoni kwa mfululizo. Wa kwanza towashi. Wa pili mwana wa haramu. Wa tatu Mwamoni na Mmoabi. Sasa fuatilia kilichowapata mbele ya safari. Towashi, Isaya 56 anamfungulia mlango na kumwahidi jina lililo bora kuliko la wana na binti, na katika Matendo 8 towashi wa Ethiopia anateremka majini na Filipo bila kuulizwa swali hata moja la mwili wake. Mmoabi, kitabu kizima cha Ruthu kinamleta mpaka ndani, kinamketisha mezani na kumpa mume Bethlehemu. Kwa mwana wa haramu hakuna Isaya. Hakuna nabii aliyesimama akasema, "Huyu sasa aingie." Nimetafuta.

Kilichopo ni orodha ya majina, zile orodha ambazo sote tunaziruka. Mwisho wa Ruthu, sura ya 4 mstari wa 18 hadi 22, mwandishi anataja ukoo. Angeweza kuanzia kwa Abrahamu. Angeweza kuanzia kwa Yuda, ambaye ndiye mwenye kabila. Anaanzia kwa Peresi. Na Peresi ni nani? Ni mtoto ambaye Yuda alimzaa na Tamari, mke wa marehemu mwanawe, kando ya njia, akidhani ni kahaba (Mwanzo 38). Mtu na mkwewe, jambo ambalo Walawi 20:12 inalihukumu kifo. Sasa hesabu: Peresi, Hesroni, Ramu, Aminadabu, Nashoni, Salmoni, Boazi, Obedi, Yese, Daudi. Hesabu tena kwa vidole kama hukuamini. Wa kumi ni Daudi.

Najua watakaoniandikia: Peresi alizaliwa kabla ya Sinai, sheria haikuwepo, kwa hiyo hakuwa mamzeri. Sawa, mahakamani nakubali. Lakini mwandishi wa Ruthu aliishi baada ya Sinai, wasomaji wake waliijua sheria ya vizazi kumi, naye akachagua kuanzia palepale na kuishia palepale. Kizazi cha kumi hakizuiwi mlangoni, kinavikwa taji. Na bibi mzaa baba wa Yese, babake Daudi, ni Ruthu Mmoabi, wa taifa ambalo baba yake, Moabu, alizaliwa na Lutu na binti yake mwenyewe (Mwanzo 19). Damu zote mbili zilizokatazwa katika mistari miwili inayofuatana zimekutana katika mfalme mmoja. Mathayo akaja akauchukua ukoo huohuo, akamtaja Tamari kwa jina, akamtaja Ruthu, akamkumbusha kila mtu kwamba mama wa Sulemani alikuwa mke wa Uria, ndipo akafika kwa binti wa Nazareti ambaye mimba yake ilimfanya mchumba wake afikirie kumwacha kimyakimya.

Naye huyo aliyezaliwa, wanafunzi walipomwonyesha kipofu wa tangu kuzaliwa na kuuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake (Yohana 9), alikataa swali lenyewe.

Ndugu mmoja katika baraza la wazee, rafiki yangu wa siku nyingi, niliposimulia haya alinikazia macho: "Kwa hiyo mzee unataka kuhalalisha uzinzi?" Sitaki. Nataka adhabu, kama ipo, ifike kwa mwenye kosa. Na hapa Torati inatuaibisha tena, kwa sababu Kumbukumbu 22:22, sura moja tu kabla ya mstari wetu, inawahukumu wote wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume anatajwa wa kwanza. Kwetu sisi anayetengwa ni yule ambaye tumbo limemsema. Binti anawekwa nje ya Meza ya Bwana mwaka mzima, mtoto anabatizwa Alhamisi, na mwanamume, kama hakutajwa, Jumapili anapanga foleni na kupokea mkate na divai. Katika miaka yangu yote kwenye baraza nimewaona mabinti wengi wakisimama mbele kurudi kundini. Wanaume nawahesabu kwa mkono mmoja na vidole vinabaki.

Serikali imetutangulia. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto, na kuzaliwa kwake ni moja ya sababu zilizotajwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au la. Ndugu zetu Wakatoliki nao walimsikia Papa Fransisko, Mei 2013, akiwasema watumishi wa kanisa wanaomkatalia ubatizo mtoto kwa sababu mama yake hana mume, na sheria yao ya ubatizo haitaji cheti cha ndoa. Sisi katika usharika wetu tuna azimio la baraza, la kurasa mbili, ambalo halijawahi kuguswa tangu siku ile niliponyoosha mkono. Nimelitafuta wiki hii katika jalada. Karatasi imekuwa ya njano na sahihi yangu ipo, ya tano kutoka juu.

Jumamosi ijayo baraza linaketi. Nimemwomba mchungaji aliweke azimio hilo katika ajenda, na amekubali kuliweka la nne, baada ya paa la nyumba ya mtumishi. Nitaomba lifutwe, watoto wote wabatizwe Jumapili, na kama kuna mtu wa kuitwa mbele, aitwe pamoja na mwenzake au asiitwe yeyote. Sijui kura zitakwendaje. Wazee tuko kumi na wanne.

Kabla ya hapo kuna Jumatano. Tunaingia sura ya 24, na nimemwomba mwenyekiti zamu ya kusoma ibaki kwa kijana yuleyule, kwa kuwa hakumaliza yake. Jana jioni nilikwenda pia kwa bibi yake. Amezeeka sana, anaketi nje kwenye mkeka akichambua mchicha. Nilimwambia nimekuja kwa habari ya ile Alhamisi. Akaendelea kuchambua kidogo, kisha akanisogezea kigoda, akasema, "Kaa kwanza, baba."